Mwalimu Anajibu: Mwisho unaujua, na bado unairudia?

Toleo lililopita niliuliza swali moja dogo pale chini ya ukurasa, ni hadithi gani fupi ya zamani imekataa kukutoka kichwani. Nilidhani nitapata barua mbili tatu za kujaza kona, kumbe mlikuwa mnangoja tu mtu aulize. Zingine zimekuja kwa sauti, ndefu kuliko hadithi zenyewe. Zote sitazimaliza, nimechukua zile zilizonichokoza na nimezifupisha, msinune.

Mwalimu, habari za siku. Mimi kila siku natoka Umoja kuja tao hapa Nairobi na kurudi, na kwa jam ya Jogoo Road nasoma stori kwa simu. Sasa kuna ile ya Mkufu, ya yule Mfaransa, tulisomewa shuleni, najua kabisa mkufu ulikuwa bandia na bado kila mwaka lazima niirudie, lakini hizi mpya zinatumwa kwa grupu zenye mwisho wa kushtua nikifika Muthurwa nishasahau. Mke wangu anasema ni uzee tu, nakumbuka shule. Ni kweli? (Msomaji wa Umoja)

Ndugu yangu, shemeji ana nusu ya ukweli. Kitu ulichosomewa ukiwa na miaka kumi na sita kinaingia kwa damu, hio siwezi kataa. Lakini kama ni shule peke yake ungekuwa unarudia pia Hesabu za kidato cha pili na naona hurudii.

Kwa wale hawaijui, Guy de Maupassant aliitoa 1884 kwenye gazeti la Paris linaitwa Le Gaulois, yaani ilikuwa kitu cha gazeti, kesho yake linatupwa. Mathilde ni mke wa karani wa Wizara ya Elimu na anatamani maisha ya matajiri mpaka anaumwa. Wanaalikwa karamu. Mume anatoa faranga 400 alizokuwa ameweka za kununua bunduki ya kuwinda, gauni linapatikana, alafu Mathilde anaenda kwa rafiki yake tajiri Bi Forestier kuazima mkufu wa almasi. Unapotea usiku huo huo. Wanatafuta wa kufanana nao, wanauziwa faranga 36,000, nusu yake ni urithi wa mume kutoka kwa baba yake na nusu ni madeni ya huku na huku mpaka kwa wale wakopeshaji wa riba ya kunyonga, na wanalipa miaka kumi, mama wa watu mikono imekomaa kwa kusugua sufuria na kubeba maji kupanda ngazi. Mwisho anakutana na Forestier anaambiwa ule mkufu ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500.

Mara ya kwanza unashtuka, sawa. Lakini irudie polepole uangalie pale wanapobeba boksi tupu la ule mkufu mpaka kwa sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani. Sonara anapekua vitabu vyake anasema huu mkufu si mimi niliuza, mimi nilitoa boksi tu. Umeona? Ameshakwambia! Boksi la duka la maana, kilichokuwa ndani kimetoka kwingine. Ulipita hapo mbio mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa unakimbia na Mathilde, roho mkononi. Alafu siku ya kurudisha, Forestier analalamika kidogo kwamba umechelewa, na hafungui boksi. Mathilde alikuwa anaomba Mungu asifungue. Mara ya kwanza unapumua naye, afadhali. Mara ya pili ukiwa ndani ya gari pale Jogoo Road unataka kupiga kelele, fungua mama, fungua uone!

Na ukifika mara ya tatu unaanza kuuliza kitu kingine kabisa, kwani angemwambia tu ukweli ingekuwaje? "Rafiki yangu, mkufu wako umepotea." Maneno matano tu. Angejibiwa ni wa bei rahisi, wangecheka, wangekunywa chai, basi. Miaka kumi yote imeliwa na aibu. Hapo ndipo hadithi inahama Paris inashukia steji ya Umoja, juu hawa watu tunawajua, mtu anachukua mkopo wa simu kulipa mkopo mwingine wa simu ndio jirani asijue, mwingine anakodisha gari kubwa ya kwenda ruracio, ile sherehe ya mahari, alafu nyumbani ni sukuma na ugali miezi mitatu bila hata mafuta ya kutosha, na ukimuuliza anasema mambo iko sawa.

Zile za grupu zinakuficha kitu kimoja, na kikishatoka umebaki na karatasi ya switi mkononi. Maupassant alificha pia, lakini alichoficha si ndio kilichokuwa kinakuuma. Mwambie shemeji hivo, na umpe aisome yeye, tuone kama atairudia.

Niaje Mwalimu. Nilifanya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, 2021, na seti buku ya hadithi fupi, yaani kitabu cha kutahiniwa, ilikuwa Tumbo Lisiloshiba. Ukweli wa Mungu sikuisoma, nilisoma mwongozo na nikapata alama poa. Maudhui yote yameenda, dhamira sijui nini imeenda, lakini ile ya jina la kitabu mwalimu alitusomea kwa sauti na lile jitu linakula mkahawani bado naliona. Alafu 2024 tingatinga zilipokuja huku kwetu kando ya mto baada ya mafuriko nikalikumbuka tena, nikashindwa kulala. Mwandishi alijuaje? (Kijana wa Mukuru)

Kijana wangu, kwanza pole kwa yaliyowapata. Hio hadithi ni ya Said A. Mohamed, na kitabu kizima Alifa Chokocho na Dumu Kayanda ndio walikihariri, kikatoka 2016, kabla ya tingatinga zenu, lakini hapo hakuna utabiri. Na hakuhitaji kutabiri. Uliza watu wazima wakuambie Muoroto, ule mtaa wa mabanda wa Nairobi, ilivunjwa mwaka gani, ilikuwa 1990, wewe hujazaliwa, na kabla ya hapo zilivunjwa zingine na baada ya hapo zingine.

Alichofanya ni kukataa kuandika makala ya gazeti. Angeweza kujaza kurasa na hati miliki, na korti, na wanasiasa, tungesoma tukasema kweli kabisa alafu tukasahau. Yeye ameleta mtu mmoja tu, jitu la miraba minne, linaingia kwa mkahawa wa Mzee Mago huko Madongoporomoka saa ya chakula, linakaa, linataka chakula chote kilichopikwa, linakula. Linakula mpaka linamaliza, wateja wenyewe wamesimama wanatazama, na wewe umesimama nao, unacheka kidogo na unaogopa kidogo, hujui kwa nini. Linasema kesho litarudi. Kesho yake ndio mabuldoza.

Sasa mwongozo ulikuambia jitu ni ishara ya wenye nguvu wanaonyakua ardhi ya maskini, na mwongozo haukudanganya, shida ni kwamba ulikupatia jibu kabla swali halijakuuma. Ule mtihani wa Kiswahili karatasi ya tatu unataka alama 20 kwa swali, jadili ukweli wa kauli hii, na hakuna mtahini atakupa hata nusu alama kwa kuandika "niliogopa". Simlaumu mtahini, ana karatasi za kusahihisha mpaka macho yanamtoka. Lakini angalia ni kipi kilibaki, zile hoja kumi ulizokariri ama ule woga. Kitafute hicho kitabu usome hadithi zote bila kalamu mkononi. Kwa wauza vitabu wa barabarani tao hizo seti buku za zamani ziko hadi za kukanyaga, na bei haziumi kichwa kwa sababu hazitahiniwi tena.

Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha tatu, hadithi fupi hataki hata kuziona, anasema zinaboesha. Nifanyeje? (Mama Wawili, Kahawa West)

Mama, hapo juu umeshapata nusu ya jibu, kijana wa Mukuru alibaki na hadithi moja tu na ni ile aliyosomewa kwa sauti. Mwongozo ufiche mpaka amalize kitabu, na usimwambie ni mimi nimesema. Alafu jioni mkiosha vyombo ama stima ikipotea, msomee moja, nzima, usikatize kueleza maana ya maneno magumu na usiulize maudhui. Uliza swali moja tu ukimaliza, "ungekuwa wewe ungefanya nini?" Akikasirika na mhusika mpaka akupigie kelele, umeshinda. Akilala, jaribu nyingine kesho, si kila hadithi ni ya kila mtu, mimi mwenyewe kuna zingine za hizo seti buku sizipendi na sitazipenda.

Mwalimu nimekuwa nikikusoma kitambo na nina lalamiko. Kila ukisema hadithi za kudumu ni Wafaransa na Warusi. Kwani sisi hatuna? (Mkereketwa, Buruburu)

Tunazo na umenipata vizuri, karibu nilifute hilo jibu la Umoja, lakini nimeliacha kwa sababu ndugu yetu aliuliza kuhusu Mkufu.

Chukua Kima na Papa. Nina hakika hata wewe unaijua. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioegemea bahari, anamrushia papa matunda kila siku, urafiki unashika, papa anamwambia twende kwetu nikulipe fadhila. Wakifika katikati ya maji papa anatoboa siri, sultani wetu ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapigi kelele. Anasema ungeniambia mapema, sisi kima tukitoka matembezi mioyo tunaiacha mitini, nirudishe nikauchukue. Papa anarudi. Kima anaruka juu ya mti, kimya. Papa anaita, twende. Kima anamwambia unanifanya mimi punda wa dobi?

Na hapo ndani yake inafunguka hadithi ingine, punda wa dobi ni yule aliyedanganywa na sungura akapelekwa kwa simba, akaponea chupuchupu na majeraha, alafu sungura akaenda tena kumbembeleza na punda akarudi mara ya pili, safari hii akaliwa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, simba kuuliza viko wapi anajibiwa huyu punda hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi? Hebu niambie hio haijaandikwa kwa ajili ya mtu wa Nairobi aliyeuziwa ploti hewa Joska, akalia, akapona, alafu jamaa yule yule akamletea ingine Kamulu yenye ofa na kijana akalipa deposi.

Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha London 1870 jinsi alivyoipata kwa wasimulizi wa Zanzibar, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Lakini sasa nikuchokoze na mimi. Zote mbili, ya kima na ya punda ndani yake, ziko kwenye Panchatantra ya Wahindi, kitabu cha kale mno, huko papa ni mamba na sungura ni mbweha. Kwa hivyo ni yetu ama si yetu? Mimi nasema ni yetu kabisa, mkuyu ni wetu, dobi ni wetu, na hakuna bibi wa Pwani aliyengoja ruhusa ya mtu kuisimulia. Ila ukikubali hivo, kubali pia ndugu wa Umoja amchukue Mathilde awe wake. Huwezi kufungua mlango upande mmoja.

Mwalimu mi ni dereva wa teksi za programu. Naweza kukaa Westlands saa nzima nikingoja mteja. Nipe moja fupi, nisichoke, na isiwe ya mapenzi. (Dereva, Kangemi)

Yako nilikuwa nayo hata kabla hujauliza. Anton Chekhov, alikuwa daktari, Mrusi, aliiandika 1886, watu huiita Huzuni. Ni dereva mwenzako, anaitwa Iona, ila gari lake ni sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na farasi, usiku, theluji imemfunika yeye na farasi wakawa weupe. Mtoto wake wa kiume amekufa wiki hio hio. Anataka tu kumwambia mtu. Anabeba afisa wa jeshi, anaanza kusema, afisa anafunga macho. Anabeba vijana watatu walevi, wanampa kopeki ishirini, bei hata si ya haki na yeye hata habishani, maadamu kuna watu nyuma, na wewe unajua mteja wa namna hio, anakuzomea uongeze mwendo huku bei ameikata. Anawaambia mwanangu amekufa, mmoja anamjibu sote tutakufa. Nani anamsikiliza mwishoni sikuambii, hapana, ngoja, barua ya mwisho hapa chini inanilazimisha niwe mkweli. Ni farasi wake. Anamwambia farasi yote.

Hakuna siri yoyote imefichwa hapo, hakuna mkufu bandia, na ndio maana nasema mwisho wa kushtua si lazima. Ni kurasa chache, mteja akipiga simu unaweza kuwa umemaliza. Na mteja akiingia akianza kuongea juu ya mambo yake, ah, hio ni kazi yako.

Hizi stori zinapatikana wapi bure? (Wengi wenu)

Kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi inaisha miaka 50 baada ya kifo chake. Maupassant alikufa 1893, Chekhov 1904, Tolstoy, Mrusi mwingine utakayemwona hapa chini, 1910, kwa hivyo kazi zao asili ni za kila mtu, ziko kwa intaneti bila kulipa, bando lako tu. Chungeni tafsiri za juzijuzi, mtafsiri naye ana haki yake. Wale wa kupenda karatasi, maktaba ya McMillan pale Banda Street iko tangu 1931, na kuna matawi Kaloleni na Makadara, watu wa Eastlands hamna kisingizio. Wauza vitabu wa chini, zile inama, ziko tao kote, inama tu.

Rafiki yangu alitoa mwisho wa hadithi kwa grupu yetu ya vitabu kabla sijaisoma. Nimemblok. Nimekosea? (Nimekasirika, South B)

Umekosea kidogo. Wacha nikutolee mwisho wa hadithi nzuri kuliko zote nilizotaja leo alafu uniambie kama nimekuharibia. Leo Tolstoy, 1886, Mtu Anahitaji Ardhi Kiasi Gani, mkulima anaitwa Pakhom, mwisho anakufa.

Haya. Pakhom anasema angekuwa na ardhi ya kutosha hata shetani hangemtisha, na shetani ako hapo nyuma ya jiko anasikia. Anapata shamba, halitoshi, anauza anahamia kubwa, halitoshi. Anaskia kuna watu wanaitwa Wabashkiri wanauza ardhi kwa siku, rubo 1,000, yote utakayoizunguka kwa miguu tangu jua kuchomoza mpaka kuzama ni yako, lakini ukikosa kurudi ulipoanzia kabla jua halijazama pesa imeenda. Mkubwa wao anaweka kofia yake ya manyoya ya mbweha chini, anzia hapa. Usiku wa kuamkia siku hio Pakhom anaota anamwona shetani anacheka na mbele yake kuna maiti pekupeku, anaangalia vizuri, ni yeye. Umeelewa? Tolstoy mwenyewe amekutolea mwisho! Katikati ya hadithi yake! Na bado asubuhi ukifika unasoma ukiwa umekaza meno, anatembea, anavua viatu, jua limeshaanza kugeuka, anaona bonde lenye unyevu, anasema hapa kitani kitastawi, siwezi liacha, analizunguka. Hilo bonde! Kila mara nikifika hapo namwambia Pakhom liache, na yeye kila mara analizunguka. Anafika kwenye kofia akikimbia, anaanguka, damu mdomoni, na mtumishi wake anamchimbia kaburi la arshini tatu, mita mbili na kitu, hio ndio ardhi aliyohitaji.

Sasa nenda usome uone kama nimekuibia. Na huyo rafiki mfungulie. Isipokuwa kama ilikuwa hadithi ya upelelezi na alitaja muuaji, hapo endelea kumblok, hata mimi ningemblok.